Paka wamepapura kabati la mninga: nianze na msasa au nianze na paka?

Swali

Ndugu washauri, habari za kazi?

Nina kabati la vyombo la mninga. Limesimama sebuleni, hatua mbili kutoka mlango wa kuingilia. Lina miguu minne ya pembe nne inayopanda kutoka sakafuni hadi juu, kama sentimita 90, na milango miwili. Fremu na miguu ni mbao kamili, lakini fundi aliniambia milango ni plaiwudi iliyobandikwa vinia, yaani ganda jembamba la mbao, ya mninga. Nafuga paka wawili, jike na dume. Dume ana miaka miwili na hajahasiwa.

Kwa miezi minane sasa kabati hili limekuwa kinoo chao. Mguu wa mbele wa kushoto una mifereji kuanzia sentimita 30 hadi 70 kutoka chini, na kwenye ukingo wake kimebanduka kipande kirefu kama kidole. Mguu wa kulia una mikwaruzo ya juu juu. Mlango wa kushoto una mistari kama kumi, mmoja wao umefika kwenye mbao nyeupe ya chini. Dume naye hurushia mkojo mguu mmoja wa nyuma. Si kila siku, ila harufu haiishi.

Nilijaribu kuziba mifereji kwa gundi nyeupe ya mbao niliyoichanganya na vumbi la msumeno, nikapaka vanishi juu. Pametokea mabaka ya rangi ya maziwa. Fundi mmoja anataka kulichukua kabati lote alipige msasa wa mashine na kulipulizia laka. Majirani wananishauri nipake pilipili, mafuta ya taa au mafuta ya karafuu, niweke vidonge vya nondo, au niwachape. Nilinunua kibao cha kukwaruzia cha kulaza chini, hawakigusi kabisa. Mume wangu anasema paka waondoke. Mimi nataka vyote vibaki. Nianzie wapi, na kipi naweza kukifanya mwenyewe?

Mwenye Kabati, Tanga

Jibu

Dada Mwenye Kabati,

Msasa uweke kando kwanza. Ukilitengeneza kabati wiki hii na paka wakabaki na tabia ile ile, utakuwa na vanishi mpya yenye mifereji mipya, na kila unaporudia kusugua mbao inapungua. Tenga wiki tatu za kuwahamisha paka kutoka kwenye kabati hadi kwenye nguzo ya kukwaruzia, ndipo ushike kazi ya mbao. Na fundi wa mashine mzuie mapema. Vinia nyingi hazifiki unene wa milimita moja, na msasa wa mashine huimaliza kwa sekunde chache, hasa kwenye kingo. Ikishatoboka haizibiki, itabidi ibandikwe nyingine.

Paka hakwaruzi kwa ukorofi. Ukucha wake hukua kwa maganda, na kukwaruza ndiko kunakolivua ganda la nje lililochakaa. Kwenye nyayo ana tezi za harufu, kwa hiyo kila mkwaruzo ni alama kwamba hapa ni kwake. Tena ananyoosha mgongo na mabega, ndiyo maana hufanya hivyo mara tu anapoamka. Haja hizi tatu haziondoki kwa kiboko. Ukimchapa atajifunza kutokukwaruza ukiwa unamtazama, basi.

Sasa litazame kabati lako kwa jicho la paka. Liko karibu na mlango, mahali pa kuacha alama. Ni zito, halitikisiki akilivuta. Nyuzi za mbao kwenye miguu zimesimama wima, na mninga si mgumu kama mpingo, kucha huingia na kushuka vizuri. Alama zako zinaishia sentimita 70, yaani paka wako hukwaruza wakiwa wamesimama na kujinyoosha. Kile kibao cha kulala chini kingemfaa paka anayekwaruza mkeka. Hawa wanataka nguzo.

Nguzo utaitengeneza mwenyewe, na uko mji unaofaa. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo; kati ya vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu vilivyofika hai, na katani ya nchi nzima ikaanzia hapo. Kamba yake ndiyo paka anayoipenda, kwa sababu inashika kucha kisha inaachia nyuzi kidogo kidogo. Usinunue ya nailoni, inateleza. Nusa kamba kabla ya kulipa: kamba nyingine za katani hutiwa mafuta kiwandani, na harufu ile humfukuza paka. Ikinuka kidogo ianike mahali penye upepo siku mbili au tatu. Ikinuka sana iache dukani.

Tafuta mti mkavu wa mviringo, kipenyo sentimita 10, urefu sentimita 90. Kitako ni vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, sentimita 50 kwa 50, vilivyogandishwa pamoja kwa gundi. Funga nguzo kutoka chini kwa skrubu nne za inchi 4 pamoja na gundi, na utoboe matundu membamba kwanza. Inchi 4 si kupita kiasi: hapo skrubu inaingia sambamba na nyuzi za mti, na upande huo mbao hushika vibaya. Skrubu fupi zitalegea mwezi wa kwanza. Kamba ya milimita 8 inahitaji mizunguko 100 kufunika sentimita 80, na kila mzunguko unakula sentimita 34, jumla mita 34. Nunua 36. Paka gundi kidogo kidogo unavyopanda, vuta kamba kwa nguvu, kila mzunguko ukae juu ya mwenzake bila mwanya. Misumari iwe kwenye ncha mbili tu, ipigwe hadi izame, kwa sababu kichwa cha msumari kinachochomoza hunasa ukucha.

Subiri siku mbili gundi ikauke, kisha isukume nguzo juu kabisa kwa vidole viwili. Ikiyumba, ongeza uzito kwenye kitako, hata kwa kufunga tofali la sakafu la saruji. Nguzo ikimyumbia paka mara moja tu, hairudii tena. Hapo ndipo nyingi za dukani zinaposhindwa, ni fupi na nyepesi.

Paka wawili, nguzo mbili. Ya kwanza isimame karibu kabisa na mguu uliopapurwa, hata kama inaharibu sura ya sebule kwa wiki chache. Wengi huiweka chumba kingine kisha hushangaa kuona haitumiki. Ya pili iweke wanapolala. Usimshike paka miguu na kumsuguza kwenye kamba, atapaogopa mahali hapo. Chezesha uzi juu ya nguzo mpaka ainuke kuudaka, na kila anapokwaruza mwenyewe mpe kipande cha dagaa asiye na chumvi papo hapo. Akitumia nguzo wiki mbili mfululizo bila kugusa kabati, anza kuisogeza sentimita tano au kumi kwa siku kuelekea unapotaka ikae. Isitoke nje ya njia yao ya kila siku.

Wakati huo huo mguu wa kabati ukose raha. Nenda duka la vifaa vya ofisi ununue karatasi ngumu za plastiki, zile za kufungia jalada la ripoti. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Mguu wako ukiwa na upande wa sentimita 6, karatasi moja inafunika pande tatu na kubakiza kidogo cha kukunja nyuma. Tatu zikifuatana kwa urefu zinafika sentimita 89. Zifunge kwa uzi upande wa nyuma. Usibandike kwa gundi ya utepe juu ya vanishi, ukiitoa inaondoka na vanishi. Plastiki laini ya kufunikia meza nayo usiitumie, kwa kuwa ina vilainishi vinavyohamia kwenye vanishi na kuifanya inate. Kucha zikiteleza siku kadhaa mfululizo, na nguzo tamu iko pembeni, uamuzi wa paka unakuwa rahisi.

Kucha za mbele zikate ncha kila wiki mbili au tatu. Miguu ya mbele ina kucha tano kila mmoja, pamoja na ile ya pembeni iliyo juu kidogo ambayo wengi huisahau mpaka inajikunja na kuingia nyamani. Bonyeza kidole taratibu ukucha utoke, utazame kwenye mwanga: sehemu ya waridi ndani yake ina damu na mishipa ya maumivu. Kata milimita moja au mbili za ncha nyeupe tu. Ukikosea damu ikatoka, bonyeza kwa wanga au unga wa ngano dakika chache. Kama paka wako hutoka nje na kuna mbwa mtaani, waachie ncha, wanazihitaji kupanda. Kung'oa kucha usikubali hata ukiambiwa ni jambo dogo. Operesheni hiyo hukata kiungo cha mwisho cha kila kidole.

Dume mpeleke kwa daktari wa mifugo akahasiwe. Kurusha mkojo wima kwenye mguu wa kabati ni alama ya mpaka, wala si kukosa adabu, na madume wengi hupunguza au kuacha kabisa baada ya kuhasiwa, hata wakiwa wameshakua. Likichelewa hilo, shughuli zote za mguu wa nyuma ni bure.

Ushauri wa majirani tunaupinga kwa nguvu zote, maana unaweza kuua. Vidonge vya nondo vya naftalini huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mafuta ya taa hunata kwenye nyayo, naye hujilamba. Yakimpalia yanaingia mapafuni. Mafuta ya karafuu, ambayo huku pwani tunayaona dawa ya kila kitu, yana kemikali iitwayo yujenoli, na ini la paka ni dhaifu sana kuivunja. Mafuta ya mkalitusi na ya maganda ya machungwa yamo kwenye kundi hilo hilo. Pilipili hutoka kwenye nyayo ikaishia machoni. Na kabati lenyewe halinufaiki, kwa kuwa mafuta yoyote yakizama kwenye mbao iliyokwaruzwa, vanishi mpya haitashika hapo.

Sasa tuje kwenye mbao.

Anza kwa kujua vanishi ya zamani ni ya aina gani. Nyuma ya mguu, pasipoonekana, weka pamba yenye spiriti kwa dakika moja. Pakinata, ni shelaki, vanishi ya asili inayoyeyuka kwenye spiriti. Pasiponata, jaribu pembeni yake kwa thina ya laka. Pakilainika, ni laka, vanishi inayokauka haraka. Vyote viwili visipoyeyusha kitu, au thina ikiikunja tu, ni vanishi ya mafuta au poliurethani, ile vanishi ngumu ya plastiki. Jibu hili ndilo linalokuambia usichoweza kupaka juu yake. Thina ya laka ni kali, na laka ikipakwa juu ya vanishi ya mafuta ile ya chini hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Vanishi ya mafuta, inayozimuliwa kwa tapentaini, inakubali kukaa juu ya zote tatu mradi pawe pasafi na pamepigwa msasa. Ndiyo tunayokushauri. Laka ina tatizo la ziada kwenye mji wa bahari: thina yake huruka haraka na kuupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa unatua juu yake, na kazi nzima inageuka nyeupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Osha sehemu zote kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni, kausha, kisha futa kwa tapentaini mara mbili, kila mara kwa kitambaa kipya. Kama uliwahi kutumia dawa ya kupuliza ya kung'arisha fanicha, futa mara nne. Dawa hizo nyingi zina silikoni, na vanishi ikikutana nayo hukimbia na kuacha vishimo vidogo vya mviringo ambavyo havizibiki kwa kuongeza mkono, yaani tabaka, mwingine.

Mabaka ya maziwa yanatokana na gundi uliyoipaka. Gundi nyeupe ikikauka ni plastiki. Hainywi vanishi, na ile iliyosambaa pembeni ya mifereji imeziba vinyweleo vya mbao. Loanisha kitambaa kwa siki nyeupe ya uvuguvugu, kilaze juu ya gundi dakika 15, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki na usugue mabaki kwa mswaki wa zamani. Rudia hadi mifereji iwe mitupu. Usitumie nyaya za chuma za kusugulia sufuria, chuma na siki vikikutana kwenye mbao huacha weusi. Futa kwa maji, acha siku nzima.

Mguu wa kushoto utapigwa msasa wote, juu hadi chini, pande zote zinazoonekana. Ukisugua baka tu, jicho litauona mpaka wake hata rangi ikilingana. Tumia msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi) uliozungushwa kwenye kipande cha mbao bapa ili kingo zisiwe mviringo, na fuata nyuzi muda wote. Mstari mmoja wa msasa uliokata nyuzi hauonekani kabla ya vanishi, ila baada ya vanishi ndio unaoonekana peke yake. Funika pua na mdomo kwa barakoa, vumbi la mninga huwasha pua na kifua.

Vanishi ya zamani ikishatoka, kuna hatua ambayo mafundi wengi huiruka. Mfereji wa ukucha una sehemu mbili: nyuzi zilizokatwa na nyuzi zilizokandamizwa tu. Zilizokandamizwa hurudi. Weka kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya mifereji, bonyeza pasi ya moto kwa sekunde tano hadi kumi, inua, tazama, rudia mara tatu au nne. Mvuke huingia na nyuzi huvimba. Mfereji wa milimita moja na nusu huweza kubaki nusu yake. Fanya hivyo kwenye mguu tu. Kwenye mlango mvuke ule ule utalegeza gundi ya vinia na utapata malengelenge.

Acha ikauke siku nzima, kata kwa wembe nyuzi zilizosimama (ukizivuta zinachana zaidi), kisha piga namba 180. Kinachobaki chini ya milimita moja kitaisha kwa msasa. Kilicho zaidi kizibe, na hapa ndipo vumbi lina maana, ila si la msumeno. Lile ni chembe kubwa, tena mara nyingi la mbao mchanganyiko. Omba kwa seremala kipande cha mninga, kisugue kwa namba 220 mpaka upate vumbi laini la vijiko viwili vya chakula. Gramu 50 za shelaki ya vipande ziloweke kwenye mililita 150 za spiriti usiku kucha, halafu tumia maji safi ya juu na uache tope la nta lililozama, kwa kuwa nta hiyo huzuia baadhi ya vanishi zisishike, hasa poliurethani. Changanya vumbi na shelaki hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Jaza kwa kisu chembamba, tabaka la milimita moja kwa mara moja, acha saa tatu au nne, ongeza jingine, la mwisho lipite juu ya mbao kidogo kwa sababu hunywea. Mchanganyiko huu siku zote hutoka mweusi kuliko mbao yenyewe. Tia robo ya vumbi la mbao nyeupe zaidi, jaribu kwanza kwenye mkwaruzo uliouchora ndani ya kabati, upake vanishi, uhukumu kesho yake kwenye mwanga wa mchana. Hatua hiyo usiiharakishe.

Kwenye ukingo uliobanduka usijaze kitu. Ukingo hugongwa kila siku na kila kijazio huanguka. Panahitaji kiraka cha mninga, na kama hujawahi kushika patasi, kazi hii mpe fundi, peke yake. Mweleze unataka nini: pengo likatwe bapa, ncha zake mbili zikiwa mteremko kama mtumbwi, kwa sababu ncha iliyokatwa mraba huacha mstari unaovuka nyuzi na kuonekana daima. Kiraka kifuate mwelekeo ule ule wa nyuzi, kiwe kimezidi kwa milimita moja kila upande, kigandishwe kwa gundi nyeupe nyembamba, na kibanwe kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa kwa kuvutwa. Tyubu hubana ukingo vizuri kuliko klampu, haiachi alama. Siku ya pili kirandwe hadi kilingane.

Mguu wa kulia pitisha ukucha wako juu ya mikwaruzo. Usipokwama, vidonda viko kwenye vanishi tu. Sugua kwa namba 320 hadi ufifie mng'ao, utapokea vanishi pamoja na mwenzake.

Mguu wa nyuma usiusafishe kwa dawa yenye amonia, harufu yake inafanana na mkojo na itamwita dume arudi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nayo ikikutana na mkojo hutoa hewa inayokaba kifua. Inayofaa ni dawa ya vimeng'enya inayouzwa kwa wauza vifaa vya wanyama. Usipoipata, siki na maji nusu kwa nusu, ufute na kukausha mara tatu kwa siku tatu. Pakikauka kabisa paka shelaki ile ile mikono miwili. Shelaki hufungia harufu ndani kuliko vanishi.

Kabla ya vanishi, piga namba 220 mguu wa mbele wa kushoto na milango. Kwenye milango ni kwa mkono mwepesi, mipapaso michache tu, na usikaribie kingo. Nusu lita ya vanishi ya nusu mng'ao itatosha mikono mitatu na kubaki. Inayong'aa sana tunakukatalia, kwenye nyumba ya paka kila kimstari kinaonekana kutoka mlangoni. Mkono wa kwanza zimua vipimo vitatu vya vanishi kwa kimoja cha tapentaini ili uzame. Miwili inayofuata paka bila kuzimua au kwa tapentaini kidogo sana. Acha saa 24 kati ya mkono na mkono, pitisha namba 320, futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini. Fanya kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri, siku isiyo na mvua. Wakati wa masika ahirisha, vanishi itanata siku tatu na kukusanya kila unyoya wa paka ulioko hewani. Matambara yenye vanishi yatandaze nje yakauke au yaloweke majini. Yakifinyangwa na kutupwa pamoja huweza kujipasha moto mpaka yawake.

Paka wakae chumba kingine hadi saa 48 baada ya mkono wa mwisho. Akijipaka vanishi mbichi, usimfute kwa tapentaini. Lainisha kwa mafuta ya kupikia, osha kwa sabuni laini, mzuie asijilambe, mpeleke kwa daktari.

Ule mstari wa mlangoni uliofika kwenye mbao nyeupe unakuja mwisho kabisa, baada ya vanishi kukauka wiki nzima, kwa sababu unazibwa kwa nta na hakuna vanishi inayoshika juu ya nta. Yeyusha nta ya nyuki kijiko kimoja kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja. Tia chembe ya rangi ya unga ya sakafu, nyekundu na nyeusi kidogo, mpaka ifanane na mistari myeusi ya mninga. Usilenge sehemu zake za rangi ya dhahabu: mstari mweusi kidogo huonekana kama nyuzi ya mbao, mweupe huonekana kama kovu. Igandishe, ipashe kwa vidole, isukumize ndani, ondoa ziada kwa ukingo wa kadi ya plastiki.

Vanishi itakuwa kavu kwa kuguswa siku ya pili, ila ugumu wake kamili huchukua wiki tatu hadi nne, na ukucha mmoja katika siku hizo unaingia kirahisi. Rudisha plastiki ngumu baada ya siku saba, ifunge ikiwa imelegea kidogo hewa ipite, na uiache mwezi mzima. Baadaye itoe mguu mmoja mmoja, ukianza na ule wa kulia. Nguzo ikichakaa na kutoka nyuzi usiitupe, hapo ndipo inaponoga kwa paka. Kamba ikikatika, zungusha mpya sehemu iliyokatika tu, harufu yao ya zamani ibaki.

Na kipande cha mninga kitakachobaki kwenye kiraka, mwambie fundi akuachie. Vumbi lake utalihitaji.